Nimepungukiwa mita 18 tu

SWALI: Shikamoo mama. Nina kiwanja Lindi, kando ya mto Lukuledi. Nimeshachimba msingi, akaja bwana wa ardhi na futikamba. Kutoka ukingoni akapata mita 42, akasema kibali sahau. Mbona jirani yuko karibu zaidi, tena na banda la kuku? Siwezi kuomba nilegezewe hizo 18?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuku wa jirani hawakupi haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, baharini au ziwani.

Kulegezewa kupo kwa wenzetu Marekani, kwenye mpango wao wa bima ya mafuriko, ila usidhani ni kirahisi: uthibitishe shida isiyo ya kawaida inayotokana na kiwanja chenyewe (kusema "nimeshatumia hela" haihesabiki), na nyumba yako isipandishe maji kwa wengine. Kisha unaandikiwa barua kwamba bima yako itakuwa ghali.

Wewe kapime kiwanja kwenda nyuma. Kikiruhusu, sogeza ramani, omba kibali upya halmashauri. Matofali ya msingi yang'oe taratibu, yatafaa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mkeka wangu niliukuta juu ya mpera, nami sikai hata karibu na mto.