Mtoto wa chekechea hahitaji daftari lingine

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtoto wa chekechea afundishwe nyumbani au kazi hiyo aachiwe mwalimu. Mimi nasema afundishwe, tena kila siku, ila daftari libaki shuleni. Wa PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya chekechea hapa Kenya, ni watoto wa miaka 4 na 5. Nyumbani wanahitaji mtu mzima anayezungumza nao huku mikono ya wote wawili ikifanya kazi.

Mimi ni fundi cherehani, Kaptembwo, Nakuru. Binti yangu yuko PP2, na akitoka shule hushinda nami kibandani. Ninacho cha kumfundishia ni mkebe wa vifungo.

Watoto wengi wa rika lake huhesabu moja hadi ishirini bila kukwama, nasi wazazi tunapiga makofi. Sasa mwambie mtoto huyo huyo, "Niletee vifungo sita." Utamwona akichota konzi nzima, au akihesabu kimoja mara mbili na kuruka kingine. Majina ya namba anayajua kwa mfuatano wake. Hajashika bado kwamba kila namba ni ya kifungo kimoja, na kwamba ile ya mwisho kutajwa ndiyo jumla ya vyote. Hilo haliji kwa kukariri. Shati la mteja lina matundu saba, basi tunaweka kila kifungo penye tundu lake, na kikipungua anaona mwenyewe. "Mama, hapa hakuna." Namuuliza tumepungukiwa na vingapi. Hapo amefanya hesabu ya kutoa, na alama yake hata hajaiona.

Akichoka kuhesabu hupanga: vya matundu mawili huku, vya manne kule. Ndipo namchokoza. Hiki cheupe kikubwa kiende na vyeupe au na vikubwa? Hubishana nami kweli kweli, na ubishi ule naupenda kuliko jibu lenyewe, kwa sababu lazima anipe sababu. Halafu kuna kutunga vile vikubwa kwenye uzi mnene, kazi inayokaza vidole vitakavyoshika penseli. (Wenye watoto wa chini ya miaka 3, vifungo viwekeni mbali kabisa, huvitia mdomoni na vinaweza kuwakaba. Vifuniko vikubwa vya mitungi vinatosha.)

Kuna wazazi wanaojikaza kuongea Kiingereza na watoto wao, wakiogopa wataachwa nyuma. Naielewa hofu yao. Lakini mzazi mwenye Kiingereza cha njoo, kula, lala, atamweleza mtoto nini kuhusu kitambaa kinachokwaruza, kinachochuja rangi, kinachovutika kisha kikarudi? Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo umekuwa kwamba madarasa matatu ya kwanza ya msingi yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali mtoto anapoishi. Kwetu Kaptembwo, tulivyochanganyika, lugha hiyo ni Kiswahili. Kijijini Siaya ni Dholuo. Ongea ile unayoiweza vizuri, mtoto apate maneno mengi.

Jioni nikipika tunategeana vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango" alikizoea upesi, akaanza kutunga vyake. Juzi alinitegea: ana meno mengi lakini hali. Nikashindwa, nikampa mji. Kumbe ni zipu! Mtoto wa kutunga hivyo ameitazama zipu, akaona inafanana na nini na inatofautiana wapi.

Linaloniumiza ni tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza tuisheni ya likizo, lakini kwenye ploti zetu utakuta mtoto wa miaka 4 amekalishwa asubuhi nzima akinakili herufi, na mzazi amelipa pesa ambazo zingenunua maziwa. Simu nayo haijaziba pengo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto akiiuliza simu kwa nini, haimjibu.

Mtaniambia hamna muda. Anayeuza nyanya soko la Wakulima ana mafungu ya kupanga, msusi ana nywele za kugawa, na kila nyumba ina nguo za kuanua. Kazi hizo zitafanyika tu. Mtoto awe karibu, aulizwe, na akiuliza ajibiwe.

Na ninyi walimu wa chekechea, nawaomba jambo moja. Badala ya kutuletea ukurasa wa kunakili, tutumieni swali. Mwalimu wa binti yangu aliwahi kuwaagiza watoto waulize nyumbani ni vitu gani huelea majini na vipi huzama. Siku hiyo beseni langu la kufulia lilijaa vifungo, vijiti, kijiko na ganda la chungwa, na majirani wawili wakaleta watoto wao.