Mama mkubwa asirudishe funguo mapema

SWALI: Mama yetu mkubwa, mzaliwa wa Pangani, anaishi London peke yake katika nyumba ya kupanga ya halmashauri. Ana miaka 81, anasahau sana na ameshaanguka mara mbili. Bintiye anasema atampeleka nyumba ya wazee kwa majaribio ya wiki 6, na nyumba airudishe kabisa. Wajomba hapa Tanga wamekasirika: mtu mwenye ndugu apelekwe kama wale wa Mwanzange? Tufanyeje? (Msomaji, Ngamiani)

JIBU: Mpigieni dada yenu leo hii: nyumba isirudishwe. Majaribio bila mahali pa kurudi si majaribio tena. Kama mama analipiwa kodi kwa ruzuku ya nyumba (Housing Benefit), ruzuku hiyo inaweza kuendelea hadi wiki 13, mradi ana nia ya kurudi endapo nyumba ya wazee haitamfaa na nyumba haijapangishwa mtu mwingine. Halmashauri iarifiwe kwa maandishi kabla hajahama. Na kama anapata posho ya uangalizi (Attendance Allowance), husimama baada ya siku 28 ikiwa halmashauri inachangia gharama za nyumba ya wazee. Msipotoa taarifa, fedha iliyozidi hudaiwa.

Kuhusu wajomba, Mwanzange ni makazi ya serikali kwa wazee wasiojiweza wasio na wa kuwatunza. Kule London, mzee mwenye watoto huingia kwa sababu anahitaji mtu usiku na mchana. Waelezeni taratibu, hasira yao ni mapenzi.

Sasa kikao cha mapitio. Chini ya Sheria ya Matunzo ya 2014 ya England, mwongozo unataka mpango wa matunzo uangaliwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza, kisha usipite miezi 12. Iombeni halmashauri tarehe kabla mama hajaingia, tena iwe wiki ya 5, kabla majaribio hayajaisha. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: wiki zinapita, hakuna aliyeitisha kikao, na kimya kinageuka kuwa uamuzi.

Dada yenu awe na daftari. Mama apimwe uzito siku ya kwanza na kila wiki, kwa mizani ileile. Aandike dawa zilizobadilishwa, kila anguko na saa yake, na chakula kilichorudi jikoni. Kilio cha siku za mwanzo ni cha kawaida, kisiwatishe. Lakini uzito ukishuka, au akilala mchana kutwa tangu apewe dawa mpya, msingoje kikao.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni lugha. Kumbukumbu zinapopotea, lugha aliyojifunza ukubwani inaweza kutangulia kuondoka. Usiku mama atasema "nataka chooni", mhudumu asielewe, mama ainuke peke yake, aanguke. Bandikeni kando ya kitanda karatasi yenye maneno 10 kwa herufi kubwa, kila moja na maana yake kwa Kiingereza: choo, maji, naumwa, baridi, kuswali na mengine anayoyatumia. Chooni liwekwe kopo la plastiki lenye mkono, lijazwe nusu tu, maana zito litamponyoka. Bila maji ya kujisafishia atakuwa anajizuia kwenda haja, na hapo matatizo ya tumbo na mkojo hayako mbali.

Kwenye kikao mama mwenyewe awepo, na halmashauri iombwe mapema mkalimani, ili bintiye asibebe kazi mbili. Nanyi ingieni kwa simu ya video. Msimuulize "unapapenda hapa?" Atajibu "Alhamdulillahi", kama alivyolelewa, na afisa ataandika kwamba ameridhika. Muulizeni yaliyo karibu: asubuhi hii umekunywa nini, nani amekusaidia kuoga, na ukimwita usiku anakuja?