Jibu: Nimekaa miaka mingi bila kuamini, Kanisa Katoliki litanipokea?

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyelelewa kwa vipigo, kisha akakana Mungu miaka kumi, anaweza kupokelewa. Anapokelewa. Mimi ni huyo huyo. Baba yangu alikuwa mlevi, na kila nikisikia "Baba yetu" nilinusa gongo. Mwezi wangu wa kwanza kanisani nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, nikishindwa kuamua nitoke au nibaki.

Kaangalie habari za Charles de Foucauld, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1858. Alifiwa na wazazi wote kabla hajatimiza miaka 6, na ujanani imani ikamtoka kabisa. Oktoba 1886 akaingia kanisa la Saint-Augustin, Paris, kumuuliza Padri Huvelin mambo ya dini. Padri akamwambia: piga magoti, ungama kwanza! Mwaka 2022 alitangazwa mtakatifu. (Yeye alibatizwa utotoni, kwa hiyo alikuwa anarudi.)

Wewe nenda ofisi ya parokia, uulize mafundisho ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) watu wazima. Kama hujabatizwa, kwa kawaida ni Mkesha wa Pasaka: ubatizo, kipaimara na komunyo usiku mmoja. Ulibatizwa KKKT (kanisa la Kilutheri)? Hubatizwi tena, tafuta cheti tu. Na kama unaishi na mwenzi, mwambie paroko mapema, mambo ya ndoa ndiyo huchelewesha wengi.

Kuhusu mzee wako, mimi hakuna aliyenidai nimsamehe baba yangu kwanza ndipo nibatizwe. Bado sijamaliza kumsamehe hata leo.