Mgonjwa akikuambia "nimalize tu"

Nyinyi mnaokuja atachimenti wodi za kansa hapa Kisumu, kuna siku mgonjwa atakushika mkono akuambie "sista, nidunge tu sindano nilale nisiamke" na hakuna lekchara aliwahi kukufundisha hiyo unaijibu aje. Usikimbilie Biblia. Muulize kwanza, "mzee, ni nini inakusumbua zaidi saa hii?" Mara nyingi ni uchungu, dozi imechelewa, ama ni bili, ama amesikia watoto wakibishana huko koridoni ni nani atauza ng'ombe. Hii kansa ya koo imejaa huku kwetu, mtu hamezi hata uji, so akisema amechoka amini amechoka, lakini shughulikia kile kinamchosha kabla uanze kumbishia.

Sheria ijue pia. Katiba ya 2010, kifungu cha 26, inalinda uhai, na Kanuni ya Adhabu kifungu cha 225 inasema ukimsaidia mtu kujiua unaweza fungwa maisha. Ukidunga wewe mwenyewe, hayo ni mauaji. Uholanzi na Ubelgiji wameruhusu yuthanasia, yaani daktari kumaliza maisha ya mgonjwa aliyeomba mwenyewe, tangu 2002, Kanada 2016, sawa, lakini leseni yako ni ya Kenya.

Sasa kitu inaniudhi kabisa ni intani anayebania mgonjwa morfini, ile dawa kali ya uchungu, eti ataitwa muuaji. Morfini ya kunywa unaanza na kidogo, kila baada ya masaa 4, unaongeza ukifuata uchungu, na unampa ya kulainisha choo kutoka siku ya kwanza, figo zikiwa mbovu unapunguza ama unaachanisha dozi. Ukipandisha hivyo polepole ni nadra sana ifunge mtu pumzi. Na anayetaka kuua hapandishi polepole, nia yako inasomeka kwa chati.

Mgonjwa mwenye akili timamu akikataa kemo ama mashine, hiyo si yuthanasia, ni haki yake, iko kwa hati ya haki za wagonjwa ya 2013. Shida ni familia: kuna yule anatoka Nairobi Ijumaa, hajaona mzee mwaka mzima, anataka ICU lazima, na kuna mwingine anakuvuta kando kuuliza kama hiyo oksijeni ni ya lazima kweli. Wote waambie mzee mwenyewe aulizwe.

Halafu wapo wachache, uchungu umetulia, bili imelipwa, na bado anataka kwenda. Anayesema uhai ni wake aamue mwenyewe ana hoja, siidharau. Mimi napinga tu kwa sababu mahali morfini yenyewe inaisha stoo, utampaje mtu njia ya kufa na hujampa njia ya kutoumia? Rafiki yangu wa wodi hiyo hiyo ananiambia mgonjwa hana huo muda wa kungojea serikali, na hatujawahi elewana.

Ikikupata zamu ya usiku, kaa naye kidogo, andika maneno yake vile ameyasema, mwambie inchaji, asubuhi waite watu wa paliativu, wale wa kutuliza uchungu wa wagonjwa mahututi. Na tafadhali usiandike "mgonjwa msumbufu", nimeona faili za hivyo.