Jibu: DNA na nasaba ya Abushiri

Salaam ndugu. Unataka DNA ithibitishe kwamba wewe ni kilembwe wa Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani pwani na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Kwanza hakiki: ni baba kwa baba mpaka juu? Akiingia bibi mmoja katikati, kipimo cha kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu, hakikufai. Kisha mpate mwanamume wa ukoo huo akubali kupimwa, la sivyo hela imeliwa. Hata mkilingana, ndugu wa kiume wa Abushiri, baba mmoja, alikuwa na Y ileile. Mwaka 1998 mzao wa Sally Hemings, mjakazi aliyedaiwa kuzaa na Thomas Jefferson, rais wa Marekani, alilingana na wazao wa ami yake Jefferson; DNA peke yake haikusema ni Jefferson yupi. Sisi hapa Tanga hati ya mirathi ya shamba la minazi, yenye majina ya mashahidi, ilitufaa zaidi. Hizo asilimia za "Uarabuni" zinazotolewa na vipimo vya DNA achana nazo, pwani tunazo wengi.