Maswali na Majibu: Kabla ya Sabufa, Fungua Mlango

Maswali ya "sabufa gani ni nzuri?" yamekuja tena kwa wingi, bila kutaja gari, mwaka wake wala redio iliyomo. Hayo nimeyaweka kando. Ukiniandikia, nieleze una gari gani, redio gani na fedha kiasi gani, la sivyo nitakuwa nabahatisha kwa fedha yako.

Nimenunua Toyota Wish iliyotoka Japani. Redio inaishia 90, stesheni nyingi za Kampala siipati. Fundi anataka kuniuzia ekspanda. Ninunue? (Mukono)

Usinunue. FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kuishia 90, na kwenye redio mpya zaidi 95. Yetu huanzia 87.5 hadi 108. Ekspanda hairefushi chochote. Inachoshika angani inakishusha tu ili kiingie kwenye dirisha la redio yako. Ikiwa ni ya kushusha 12, Capital ya 91.3 utaisikia kwenye 79.3, na Simba ya 97.3 kwenye 85.3. Power FM ya 104.1 itaangukia 92.1, na hapo redio yako imeshaishiwa. Masafa yetu yana upana wa zaidi ya 20, dirisha lako ni 14. Haviwezi kutoshana hata fundi awe hodari vipi. Tena stesheni zenye nguvu zilizo chini ya 90, kama CBS ya 88.8, hupenya zenyewe na kugongana na zile zilizoshushwa, ndiyo maana wengi husikia watangazaji wawili kwa pamoja.

Weka fedha hiyo kwenye redio nyingine. Nasema hivyo hivyo kwa wale ambao redio ya Toyota imejifunga baada ya betri kutolewa, ikawa inaomba namba ya siri ya kuifungulia (ERC) au kadi ya ramani. Wapo wanaoifungua kwa malipo, lakini ukishalipa bado unabaki na redio inayoishia 90. Kabla ya kuing'oa, angalia kama kamera ya nyuma na vitufe vya usukani vinapitia humo. Uliza mapema adapta ya kamera na vitufe hivyo itapatikana wapi, maana fundi akishaing'oa hatakuwa na haraka ya kukutafutia.

Redio niliyoonyeshwa imeandikwa wati 50 mara nne, na amplifaya wati 3,000. Je, vinaendana? (Gulu)

Geuza redio uitazame mgongoni. Utaona fyuzi ndogo, mara nyingi ya ampia 10. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni volti 14 hivi. Zidisha: 10 mara 14 ni wati 140, na huo ndio umeme wote unaoingia, pamoja na wa kuwasha taa na skrini. Wati 200 zitatoka wapi? Redio ya namna hiyo hutoa kati ya 15 na 20 za kweli kwa kila spika.

Amplifaya nayo ipime vivyo hivyo. Ikiwa na fyuzi mbili za ampia 20, inaingiza wati 560 kwa wingi. Nyingine zinapotea kama joto, ndiyo maana bati lake huchemka, na kinachofika kwenye spika kwa amplifaya za kawaida ni kama 300. Hizo 3,000 ziko kwenye boksi tu. Tafuta neno RMS, yaani wati za kweli zinazotoka mfululizo, kwenye karatasi yake, na kama halipo, hesabu fyuzi.

Nina milioni moja na nusu, gari ni Premio. Nianze na sabufa ya inchi 12 au spika za milango? (Mbarara)

Milango. Nitajibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo fedha za watu wengi zinapotelea.

Mwambie fundi afungue mlango wa mbele mbele ya macho yako. Nyuma ya ubao wa mlango utakuta karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi, na chini yake spika ya kiwandani, mara nyingi ikiwa imekazwa kwa riveti. Bonyeza taratibu ukingo wa karatasi ya spika yenyewe, ile inayotikisika. Kwenye gari lililokaa miaka kumi Japani na mingine kwenye jua letu, ukingo huo huchanika au kumomonyoka kwa kidole. Ukiweka sabufa juu ya spika za hali hiyo utapata mtikisiko kwenye buti na sauti ya mwimbaji isiyosikika vizuri. Kisha unaongeza sauti ili umsikie, na spika zinakufa kabisa.

Kwa hiyo anza na jozi nzuri ya mbele, ikiwezekana yenye twita (spika ndogo za sauti nyembamba) za kutenganisha. Za nyuma ziache, abiria wa nyuma watasikia. Riveti zitobolewe kwa drili, na spika mpya ikae juu ya ringi ya plastiki. Ukiletewa ringi ya mbao isiyopakwa rangi, irudishe. Maji ya mvua hushuka ndani ya mlango kila siku ya mvua, mbao inavimba na skrubu zinalegea.

Matundu makubwa ya bati yazibwe kwa yale mabati laini yenye lami ya kubandika. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Hewa ya nyuma ikivuja kupitia matundu, inakutana na ya mbele na besi inafutika. Watu wananunua sabufa kutafuta besi ambayo spika za mlango zilikuwa tayari kuwapa. Na ile karatasi ya plastiki irudishwe pale pale ilipokuwa. Mafundi huichana ili kupitisha waya, kisha mvua za Aprili zinaingia kwenye ubao wa mlango, na mwenye gari anashangaa kwa nini gari linanuka ukungu.

Halafu chanya na hasi. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye spika: karatasi yake lazima iruke nje. Ikirudi ndani, waya zimegeuzwa. Spika moja ikigeuzwa na nyingine isigeuzwe, besi inapotea hata kama umenunua spika za bei gani.

Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio ya redio uzikate spika za mlango zisicheze besi nzito iliyo chini ya 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde), au 60 kama gari ni la familia na husikilizi kwa sauti kubwa. Sikiliza hivyo mwezi mmoja. Bado unaona besi ni pungufu? Sasa nunua sabufa, ya inchi 10 kwenye boksi lililofungwa, nayo icheze besi ya chini tu, iishie kwenye Hz zile zile spika za mlango zinapoanzia.

Jambo la mwisho kwako: usikubali plagi ya kiwandani ikatwe. Plagi ya adapta ya Toyota inauzwa kila mahali, soko la Kisekka jijini Kampala limejaa. Fundi anayetoa kisu kabla ya kuuliza kama kuna adapta anaokoa dakika zake na kukuachia fundo la waya zilizosokotwa na tepu. Tepu hiyo inayeyuka gundi kwenye joto la dashibodi, na siku moja waya mbili zinagusana. Nimeona magari mazuri sana yaliyoharibiwa kwa njia hii, na hakuna kinachonikera zaidi katika kazi hii.

Fyuzi ya amplifaya ilikuwa inaungua kila mara. Fundi ameweka ya ampia 100 na sasa haisumbui. Niko sawa? (Arua)

Hauko sawa. Chomoa waya wa amplifaya kwenye betri leo hii, kabla hujaendesha tena.

Fyuzi inalinda waya. Kuungua kwake ilikuwa ni gari linakuambia kuna tatizo, na fundi amelinyamazisha. Kawaida tatizo ni waya unaosuguliwa na bati unapopita kutoka kwenye injini kuingia ndani. Tundu hilo lazima liwe na raba. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na chochote. Nimekuta magari yenye fyuzi kwenye buti, mita nne kutoka kwenye betri, na waya wote huo umepita chini ya zulia karibu na tangi la mafuta. Wenye magari hayo wanabeba watoto wao.

Ukwangue pia waya wenyewe kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na haibebi umeme sawa na shaba ya unene ule ule. Weka mnene zaidi, au nunua shaba halisi.

Nikikanyaga mafuta, spika zinalia mlio mwembamba unaopanda na injini. (Jinja)

Ni alteneta, mashine ya kwenye injini inayochaji betri, inaingia kwenye muziki. Anza na waya wa athi wa amplifaya: uwe mfupi, mnene, na rangi ya bati ikwanguliwe hadi chuma king'ae kabla ya kukaza boliti. Bado unalia? Waya wa sauti umepitishwa upande mmoja na waya wa umeme. Uhamishie upande wa pili wa gari. Kuna vifaa vinauzwa vya kuzuia mlio huo. Usikimbilie hivyo kabla ya kurekebisha athi.

Naweza kuongeza amplifaya bila kutoa redio ya kiwandani? (Entebbe)

Ndiyo, kwa kigeuzi kinachochukua sauti kwenye waya za spika. Amplifaya nyingi mpya zinacho ndani tayari.

Tangu niwekewe muziki, gari likilala siku mbili haliwaki. (Mbale)

Ule waya mwembamba wa kuamsha amplifaya umeungwa kwenye umeme usiokatika. Uhamishiwe kwenye waya wa redio uliotengwa kwa kazi hiyo. Ukitaka uhakika, zima gari, funga milango, subiri gari litulie, kisha pima kwa mita ya umeme iliyounganishwa kati ya betri na waya wake: zaidi ya miliampia 50 kuna kitu hakijalala. Kitu kinachokula nusu ampia kinamaliza ampia-saa 12 kwa siku, na betri ndogo za magari haya hazizidi 45 hivi.

Nina teksi ya abiria 14. Nataka muziki wa kuvuta wateja hadi wa nyuma wasikie. (Kampala)

Weka spika nyingi ndogo kwenye paa kwa sauti ya wastani. Usiweke mbili kubwa nyuma. Na ufikirie kondakta wako. Sikio hustahimili desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda unapungua nusu: 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Yeye anakaa humo tangu alfajiri hadi usiku, na usikivu ukiharibika kwa kelele haurudi. Dereva naye anahitaji kusikia honi na bodaboda anayepita kushoto.

Gari langu ni haibridi, la petroli na umeme. Kuna tofauti? (Kampala)

Waya wowote wa rangi ya chungwa usiguswe, una volti zinazoua. Za manjano chini ya dashibodi na viti ni za eabegi (mifuko ya hewa ya ajali), nazo ziachwe. Betri ya volti 12 kwenye Prius nyingi iko nyuma, ni ndogo, na inachajiwa na kigeuzi cha umeme badala ya alteneta, kwa hiyo usibebeshe gari hilo amplifaya kubwa. Fundi akikuambia ni sawa na gari lolote, chukua funguo zako uende kwa mwingine.