Maswali na Majibu: Likeri ya Maua ya Elda

Kokteli zangu za likeri ya elda zinakinaisha kwa utamu. Nakosea wapi?

Kwenye shira. Likeri yenyewe, yaani pombe tamu yenye harufu ya maua ya kichaka kiitwacho elda, imejaa sukari, nawe unaiongezea nyingine. Anza na mililita 45 za jin, 20 za likeri na 20 za maji ya ndimu iliyokamuliwa muda huohuo. Shira iache kabatini. Tikisa na barafu, chuja, onja. Ikiwa bado ni tamu, ongeza ndimu. Na tafadhali pima! Wanaomimina kwa kukadiria ndio haohao wanaolalamika baadaye. Harufu ya elda ni laini, inakaribia lichi na peasi. Ukizidisha likeri, harufu haiongezeki. Unachopata ni sukari tu.

Naweza kutumia sharubati ya elda badala ya likeri?

Nimeshalijibu hili mara nyingi. Sharubati haina kileo, likeri huwa na takriban asilimia 20, na kwa kawaida sharubati ndiyo tamu zaidi. Tia nusu ya kipimo, kisha onja. Someni lebo kabla ya kulipa.

Vodka inafaa?

Inafaa, ila jin ina ladha ya kujibizana na maua.

Hugo inatengenezwaje?

Kokteli hii ya Hugo ilizaliwa Tyrol Kusini, kaskazini mwa Italia, mwaka 2005, na mwanzoni ilitiwa shira ya zeri-limau, mmea wenye majani yanayonukia limau. Elda ilikuja baadaye. Jaza bilauri barafu, tia mililita 30 za likeri, 90 za Prosecco (divai ya Italia yenye mapovu) na 30 za maji ya soda. Majani ya mnanaa yapige viganjani mara moja tu. Ukiyaponda yanatoa uchungu. Chagua Prosecco iliyoandikwa "Brut". Wengi hununua "Extra Dry" wakidhani ndiyo kavu zaidi, yaani isiyo tamu, kumbe ina sukari nyingi kuliko Brut. Na kwa kuwa kinateremka kama soda, hesabu bilauri zako, na ukishakunywa usishike usukani.

Nataka kuchuma maua niloweke mwenyewe kwenye vodka. Kuna hatari?

Ipo. Majani, vijiti na matunda mabichi ya elda yana kemikali zinazotoa sayanidi, kwa hiyo chambua maua uyatenge na vikonyo, hata kama kazi hiyo itakula saa nzima. Chuma siku kavu na usiyaoshe, maana chavua ndiyo yenye harufu. Yakung'ute wadudu watoke. Kuna mimea yenye sumu kali ambayo nayo huchanua mashada meupe, na mmoja wao ndio uliotumika kumuua Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Elda ni kichaka chenye shina la mti. Kama huna hakika kabisa, usichume.

Chupa ikishafunguliwa hukaa muda gani?

Iweke kwenye friji na uimalize ndani ya miezi sita. Haiozi upesi, ila harufu hutangulia kuondoka. Rangi ikigeuka kahawia na maua hayanukii tena, usimtilie mgeni.